Kaka, Wamekusamehe

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kwanza, maana salamu nilizonazo ni njema kuliko habari. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako anakwenda shamba na kurudi. Wapwa zako wamerefuka hadi suruali zote zimegeuka kaptula, na mimi mwenye cherehani ndani ya nyumba ndiye sijapata nafasi ya kuzishusha pindo. Mganga hajigangi. Baba yupo. Miguu imemkataa, lakini masikio na ulimi bado ni vya kijana.

Barua yako niliipata. Ulisema binti yako mkubwa ameulizwa shuleni asili yake ni wapi akakosa la kusema, na kwamba kila ukianza kumsimulia habari za kijiji chetu unaishia njiani. Ukaniomba nimwandikie mimi niliyebaki. Nilianza siku ile ile. Niliandika ukurasa mzima, mzuri, wenye mto na maua, nikausoma, nikauchana. Kisha yakatokea mambo, na sasa naona historia ya kijiji na mambo hayo ni kitu kimoja, siwezi kukupa kimoja nikaficha kingine. Ningekupigia simu, lakini simu huku inashika mahali pamoja tu, pale Juu kwenye kisiki kikubwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na ukisema haloo wanakuitikia watu kumi. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku, basi leo kaa unisikilize.

Mwambie binti yako kwamba kijiji chetu hakikuanzishwa na shujaa. Kilianzishwa na misumeno. Wazee wa kule Juu waliletwa na kampuni ya mbao enzi za msitu, wakati ambao, kwa maneno yao, ilibidi umwulize mwenzako kama jua limeshachomoza. Walikata miti mpaka ikaisha. Ilipoisha, kampuni ikapakia misumeno yake, injini yake, hata milango ya ofisi ikang'oa, ikaondoka. Wakataji wakabaki na visiki. Wengine walikuwa wamesahau njia ya kwao, wengine waliona haya kurudi mikono mitupu. Basi kila mmoja akajitwalia ardhi kuzunguka visiki alivyokata, na ndiyo maana mpaka leo ukimwuliza mtu wa Juu mpaka wa shamba lake atakuonyesha kisiki, hata kama mchwa walishakila zamani na pamebaki shimo.

Sisi wa Chini ni wakuja. Baba alifika na mfuko wa randa na misumari, mama akiwa na mimba yako, akaomba mahali pa kujishikiza. Wakampa kipande kile cha bondeni, wakamwambia ni kwa muda. Kijijini kwetu, kaka, "kwa muda" si kipimo cha wakati. Ni aina ya mtu. Ulizaliwa kwa muda, nikazaliwa kwa muda, mama alilima kwa muda hadi mgongo ukapinda.

Na tabia ya watu wa hapa, binti yako akiuliza, mwambie ni wapole. Sisemi kwa kejeli. Hakuna anayefunga mlango kwa kufuli. Sijawahi kuona mtu akipigwa hadharani. Salamu zetu ni ndefu, tunaulizana mpaka hali ya kuku. Ukifiwa, kijiji kizima kinajaa uani kwako, hata waliopita mbele ya mlango wako mwaka mzima wa ugonjwa bila kuchungulia. Tusi huwezi kulisikia. Mtu akikukasirikia hakuambii, anaacha tu kukusogezea nafasi kwenye benchi. Hapa mtu hafukuzwi. Anaachwa kusalimiwa mpaka aondoke mwenyewe.

Ndivyo ulivyoondoka wewe.

Najua unaijua habari hii kuliko mimi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nimepoteza meno ya mbele. Lakini niache niisimulie kama nilivyoishi nayo, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Ghala la kijiji liliungua mchana wa jua kali, mavuno ya watu wote yakiwa ndani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha mashine ya kusaga pale kando, wenyewe wakikuita Bwana Injini, na kwa mara ya kwanza mtu wa Chini alikuwa na kazi ambayo watu wa Juu walipanga foleni mbele yake. Siku ile ulikuwa umeizima mashine ukaenda mtoni kuoga mafuta. Uliporudi mbio, povu la sabuni likiwa bado masikioni, paa lilikuwa linaanguka. Nakumbuka ulibeba ndoo za maji mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Hakuna aliyesema ni wewe. Hilo ndilo nililokuwa naliwaza utotoni mwangu mote, kwamba hakuna aliyesema. Mwenyekiti mzee, Mungu amrehemu, alisimama mkutanoni akasema moto haushuki mbinguni, na mtu anayeshinda na mafuta na cheche anajulikana. Akakaa. Basi. Kesho yake mama alikwenda kisimani, wanawake wakamjibu shikamoo yake kwa marahaba fupi kama mtu anayekata uzi kwa meno. Mwaka ule wa njaa kila mtoto aliyelia kwa tumbo tupu alikuwa akilia juu ya mgongo wako. Ukaondoka asubuhi na ule mfuko mdogo wa baba. Mama alikusindikiza hadi barabarani. Baba alikuwa ndani akinoa randa, na sauti ya jiwe haikukatika mpaka ulipopotea kwenye kona.

Sasa nikulete kwenye ya leo. Pampu ya kisima imekufa. Ilianza kukohoa, ikawa inatoa maji yenye kutu, halafu siku moja mpini ukapanda na kushuka bila kitu, kama mtu anayetafuna hewa. Fundi aliletwa kutoka mjini, akaifungua, akatikisa kichwa, akasema pampu za namna hii zina mafundi wake na yeye si mmoja wao, akafunga mkoba. Mto siku hizi ni mchanga mtupu, basi tangu hapo tunachota bwawani, sisi upande huu, ng'ombe upande ule, na katikati vyura. Mtoto wangu wa mwisho aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Amepona, usiwe na wasiwasi. Mtoto wa jirani bado.

Katika hali hiyo akapita yule dereva wa lori la vitunguu. Alipokuwa akinywa chai dukani akaeleza kwamba mjini kwenu kuna mtu wa kutoka huku, ana karakana yenye kibao chake mwenyewe, na pampu za visima zinaletwa kwake kutoka mbali na kulazwa uani kama wagonjwa. Akataja jina lako. Kaka, ungeona! Jina ambalo lilikuwa halitamkwi kwa miaka yote hiyo liligeuka wimbo. Watu wa Juu walianza kushuka Chini kunisalimu. Wengine walileta nguo za kushonwa ambazo hazikuwa zimechanika. Mkunga, yule aliyetuzalisha sote, alinishika mkono njiani akaniuliza ndugu yetu yule anaendeleaje. Ndugu yetu! Nikamjibu hajambo, nikaenda zangu.

Mkutano uliitishwa shuleni. Mwenyekiti wa sasa ni mtoto wa yule mzee, yule waliyemwita Kipenzi tangu utotoni, mliyekuwa mkicheza naye mpira. Amenenepa, amekuwa mtu wa maneno laini, na hana siku anayovua kofia yake ya sufi hata jua likiwaka kiasi gani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga videvu. Wakajadili mbuzi wanaoingia mashambani. Wakajadili choo cha shule. Wakafika kwenye mengineyo, na katika mengineyo, kaka, ndimo ulimokuwa wewe.

Kipenzi alisimama akasema kijiji hiki si cha watu wa vinyongo. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, na ujana ni moshi. Akasema wazee wameketi, wametafakari, na kwa moyo mmoja kijiji kimeamua kumsamehe yule kijana habari za ghala. Akaniomba mimi nikufikishie kwamba nyumbani ni nyumbani, mlango uko wazi, urudi wakati wowote, na ukija uje na vifaa vyako vya kazi.

Watu walipiga makofi. Nataka uelewe kwamba yalikuwa makofi ya kweli. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, alivyoguswa na wema wake mwenyewe.

Nikaambiwa nisimame nijibu. Naapa nilisimama nikiwa nimeandaa ahsante. Nilikuwa nimekwisha kuipanga kichwani, ahsante fupi ya heshima, kisha niende nyumbani nikalie peke yangu, kwa sababu maji tunayahitaji na mimi ni mama. Nikamwangalia Kipenzi. Alikuwa ananitabasamia kama mtu aliyempa maskini nguo na anasubiri aone kama itamtosha. Ulimi ukanitangulia.

Nikasema, "Ahsanteni sana. Ila mmechelewa. Kaka yangu amefariki."

Ndiyo, kaka. Nimekuua. Mbele ya kijiji kizima, kwenye dawati la darasa la tatu, bila kupepesa. Sikujua nitasema hivyo mpaka nilipokwisha kusema. Nilichotaka ni kuwanyang'anya ule msamaha mikononi, wabaki wameushika hewani hawana wa kumpa.

Kisha mama mmoja akaangua kilio, mwingine akamwitikia, na kabla sijapata nafasi ya kurudisha neno langu mdomoni watu walikuwa wamenishika huku na huku wananipepea. Waliniuliza lini, nikasema hivi karibuni. Waliniuliza umezikwa wapi, nikasema huko huko. Waliniuliza kwa nini sikusema, nikasema ningemwambia nani? Hilo la mwisho halikuwa uongo, na ndilo pekee lililowafanya wainamishe vichwa.

Nilitaka nikimbie nimfikie baba kabla yao. Sikuweza. Uongo una miguu mirefu penye mteremko. Nilipofika uani wazee walikuwa wamekwisha kumkalisha vizuri kitini na mmoja amemshika bega. Baba hakulia. Alisikiliza, akaomba apewe viatu vyake. Walimvalisha. Akakaa navyo siku zote za matanga, viatu vya ngozi miguuni, mtu ambaye hana pa kwenda wala miguu ya kumpeleka. Nilijaribu kumkaribia nimnong'oneze, lakini mfiwa hapa kwetu haachwi peke yake hata akienda kujisaidia.

Nikuambie ulivyoliliwa. Wengi wa kwetu waliokufa hapa hawajaliliwa hivyo. Uani hapakutosha, walikaa hadi kwenye bustani ya mboga. Waliletwa watoto wa shule wakaimba. Kumbe kila mtu alikuwa na habari yako nzuri ameifungia sandukuni. Mmoja akasimulia ulivyomtengenezea baiskeli bila kutaka hata maji ya kunywa. Mwingine akasema hajaona tena unga laini kama uliokuwa ukiusaga wewe. Nilikaa katikati yao nimejifunika kanga usoni, wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia, lakini mchanganyiko wa machozi yale siwezi kukueleza.

Siku ya pili, tukiwa wanawake watupu tunamenya vitunguu nyuma ya nyumba, Mkunga akaweka kisu chini. Akasema amezeeka, anataka kusema la moyoni ili marehemu apumzike. Akasema yule kijana hakuchoma ghala. Yeye Mkunga alimwona kwa macho yake aliyetoka. Alikuwa anapita nyuma na kuni, akamwona Kipenzi akiruka dirishani, shati linafuka moshi na nywele za upande mmoja zinawaka, akazipigapiga kwa mikono akakimbilia migombani. Kipenzi alikuwa na mazoea ya kujificha mle ndani juu ya magunia kuvuta sigara, baba yake asimwone.

Nikangoja wanawake wapige kelele, wafunike midomo, wasimame. Kaka, hakuna aliyeacha kumenya. Mmoja akasema hata yeye alikuwa karibu, alisikia harufu ya nywele. Mwingine akasema ndiyo maana kofia ile haivuliwi. Nikawauliza kama kulikuwa na mtu mwingine aliyejua. Wakatazamana. Mke wa mwenye duka akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama unavyomcheka mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi.

"Mwanangu," akasema, "nani asiyejua?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikua nikidhani kijiji kilikosea. Nilikuwa nawatetea moyoni, nasema hawakujua, walikuwa na njaa, walihitaji mtu wa kulaumu na hawakumjua wa kweli. Kumbe walijua tangu moshi haujatulia. Waliketi na ujuzi wao, kila mmoja na wa kwake, wakapima: mtoto wa mwenyekiti, au mtoto wa mtu aliye hapa kwa muda. Hawakuhitaji hata kuambiana. Nikamwuliza Mkunga kwa nini hakusema siku ile. Akanijibu, naye hakuwa na hasira wala aibu, kwamba kusema kungeleta ugomvi, na kijiji hiki hakijawahi kuwa na ugomvi.

Jioni ya kuanua matanga Kipenzi alitoa hotuba. Alisimama mbele ya baba na kofia yake kichwani, machozi yakimtiririka, na ninaamini yalikuwa machozi ya kweli, kaka, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akasema marehemu alikuwa rafiki yake wa utotoni. Akasema marehemu alibeba mzigo wa kijiji bila kunung'unika. Zaidi ya hapo hakwenda. Watu wakaguna kwa kuridhika, kama watu walioshiba. Kisha akatangaza kwamba njia ya kushuka kisimani itaitwa kwa jina lako, jina lako kamili, si lile la Injini. Kibao kimekwisha kuandikwa kwa rangi nyeupe na kuchomekwa. Njia iko safi, imefagiliwa, ina jina zuri, na mwisho wake kuna pampu isiyotoa maji.

Watu walipoondoka nikampelekea baba maji ya kunawa miguu. Nikamvua vile viatu. Nikapiga magoti nikamwambia yote: kwamba u hai, u mzima, una karakana na mke na watoto, na binti yako mkubwa anauliza asili yake. Nikamwambia nilidanganya kwa hasira, anisamehe kwa maumivu niliyompa. Nilitegemea alie, au anizabe kofi, au amshukuru Mungu. Baba aliiacha miguu yake mikononi mwangu majini. Kisha akaniuliza kama kuna mwingine aliyesikia. Nikamwambia hapana, hata mume wangu sijamwambia.

Akasema, "Basi mwache alipo."

Nikadhani hakunielewa, nikarudia kwamba u hai. Akanikatiza akasema amesikia, miguu ndiyo iliyokufa, siyo masikio. Na hapo, kaka, ndipo aliponiambia lile ambalo nimezunguka barua nzima nikiliogopa. Lazima ulijue, na ni afadhali ulijue kwa mkono wangu.

Siku ile ya moto baba alikuwa juu ya paa la nyumba ya mwenyekiti akigongelea mabati. Kutoka pale ghala lilikuwa linaonekana kama kiganja cha mkono. Alimwona Kipenzi akitoka dirishani, kama Mkunga alivyomwona. Aliuona moshi wa kwanza. Mwenyekiti mzee alikuwa chini ameshika ngazi, naye alitazama alikotazama baba. Baba anasema hawakusemezana. Alishuka, wakakimbilia moto kama wengine. Siku ya tatu yake mzee alikuja kwetu jioni, akakaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu, akasifu mahindi ya mama, akasema amefikiri sana na ameona kwamba fundi hodari kama baba hafai kuishi kwa muda. Akamwambia kipande kile ni chake, yeye na kizazi chake, na kesho wangekwenda kuchomeka mipaka. Baba akamshukuru. Mkutano ukaitishwa baada ya hapo. Baba alikaa mstari wa mbele, akasikia lile neno la mafuta na cheche, na hakunyanyua mkono.

Nikamwuliza kama mama alijua. Akasema hapana. Namshukuru Mungu kwa hilo, kama ni kweli.

Nyumba hii ninamoandikia, kaka, cherehani yangu ikiwa dirishani, wapwa zako wakigombana uani, imesimama kwenye ardhi hiyo. Mimi nimeolewa humu, mume wangu amehamia humu kwa sababu tulikuwa na ardhi yetu wenyewe na yeye hakuwa na kitu. Watu wa Chini wote wananionea wivu kwa hati ya shamba. Sasa najua kilichotolewa ili niipate. Nalima kila siku juu ya mgongo wako, na mimi pia.

Nilimwambia baba kwamba ulistahili kurudi na kuvuliwa doa lile mbele za watu. Hakubisha. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akitufundisha kupiga msumari usipinde, kwamba doa limekwisha kuvuliwa. Ukiwa maiti wamekupenda, wamekulilia, wamekupa njia. Ukirudi hai itabidi mtu aseme ni nani aliyechoma, na mwingine aseme alikuwa juu ya paa anatazama, na hakuna atakayesema, kwa hiyo watakachofanya ni kuacha kukusogezea nafasi kwenye benchi, kama zamani. Akasema amebakiza siku chache na anataka kuzimaliza akiwa baba wa marehemu mwema. Nikautoa mguu wake majini, nikaufuta, nikatoka nje. Sijui nilikwenda wapi. Shemeji yako alinikuta bwawani, nimesimama na ndoo tupu.

Tangu siku hiyo nampikia, namfulia, namsaidia kuingia na kutoka. Tunaongea habari za mvua.

Sasa nakuomba jambo, na ninajua sina uso wa kuomba. Usije wewe. Si kwa ajili ya baba, wala si kwa kunilinda mimi, maana yule dereva wa vitunguu atarudi siku moja na uongo wangu utavuliwa nguo sokoni, na mimi nitajua pa kuuweka uso. Ni kwamba siwezi kuvumilia kukuona umesimama mbele ya Kipenzi akikusamehe kwa mara ya pili. Lakini watoto wanakunywa na ng'ombe. Mtoto wa jirani niliyekutajia, leo asubuhi wamempeleka zahanati amefungwa mgongoni, kichwa kinaning'inia. Huyo hakuwapo ghala lilipoungua, hata mama yake alikuwa hajazaliwa. Kama una kijana wa kazi unayemwamini, mtume. Mwambie pampu ni ile ile ya mpini mrefu unayoikumbuka, na inavuta hewa. Asitaje anatoka kwa nani. Atengeneze, anawe mikono, aondoke.

Ukikataa sitakulaumu, naapa. Nitachemsha maji na kuwafundisha wenzangu kuchemsha. Umekwisha kubebeshwa ya kutosha na watu wa hapa, na katika hao baba yumo, na sasa mimi nimo.

Barua hii naiweka posta mwenyewe nikienda mjini kununua uzi, simpi mtu. Ukimaliza kuisoma ni juu yako kuitunza au kuichoma, na binti yako umweleze kwa namna utakayoona umri wake unaibeba. Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nilikishona gauni na bado linasifiwa. Wabusu watoto, waambie wana shangazi anayeongea sana. Shemeji yako anakusalimu bila kujua anamsalimu nani, kwa sababu anaamini namwandikia wifi kumpa pole. Wapwa zako nao vivyo hivyo.

Salamu za baba sina. Kabla sijaanza kuandika nilimwuliza kama ana neno lolote la kukuambia. Alikuwa ameketi kivulini, amefumba macho, nikadhani amelala. Akanijibu bila kuyafumbua kwamba maiti haandikiwi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku